Unataka Mshahara Kiasi Gani?

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka, bwaloni, mbele ya wanachama na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita.)



Katibu aliponiandikia kuwa niseme neno, nilidhani natakiwa kueleza habari za zamani: uji usio na sukari, kengele ya alfajiri, na jinsi tulivyolima shamba la mahindi nyuma ya mabweni. Hayo wenzangu watayasema, tena kwa utamu kunishinda mimi. Mimi nimeomba niseme juu ya jambo moja tu. Ni dogo kwa kulitazama. Hapa shuleni hatukufundishwa, na kwa kutolijua nilipata hasara. Na nilipokwisha kulijua, nikamtia mwingine katika hasara ile ile. Nitayaeleza yote mawili.

Jambo lenyewe ni swali. Kijana anaomba kazi, anaitwa kwenye usaili, anajibu vizuri habari za masomo yake. Halafu mmoja wa wale waliokaa upande wa pili wa meza anaweka kalamu chini na kuuliza: "Je, unatarajia tukulipe mshahara kiasi gani?" Hapo kijana aliyekuwa akizungumza kwa ufasaha anaanza kutazama viatu vyake.

Mwaka jana alinijia nyumbani kijana mmoja aliyemaliza hapa, akasoma uhasibu chuo kikuu. Aliniamkia, nikamkaribisha chai, naye akatoa katika bahasha fomu ya maombi ya kazi. Nafasi zote zilikwisha kujazwa kwa wino isipokuwa moja, iliyosema: "Mshahara unaotarajia." Hapo alikuwa ameandika kwa penseli, kwa hati ndogo sana, 800,000/-. Akaniuliza, "Mzee, niandike nini hapa? Nikitaja kikubwa wataona nina tamaa. Nikitaja kidogo nitaumia. Niache wazi?"

Nitarudi kwa kijana huyo. Kwanza nataka tujiulize kwa nini swali hili linatutia haya.

Sisi tuliozaliwa miaka ya sitini tulilelewa tukijua kwamba mtu muungwana hazungumzi habari za mshahara wake. Tulikuwa na sababu. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya utumishi wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewafanya wapokee asilimia 40 tu ya mshahara kwa sehemu kubwa ya utumishi huo. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, na wakati huo huo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwezi Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na mojawapo ya miiko ya viongozi ilikuwa kutopokea mishahara miwili au zaidi. Mimi wakati huo nilikuwa bado nabebwa mgongoni, lakini nilikua katika mafundisho hayo, na wala sijutii. Yalikuwa mafundisho mema.

Kosa letu ni kwamba tulichukua nusu ya somo. Tulifundishwa kwamba mtu asijilimbikizie. Sisi tukaelewa kwamba mtu asiulize. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Tena katika siku hizo hapakuwa na haja kubwa ya kuuliza. Kazi nyingi za watu wenye elimu zilikuwa Serikalini na katika mashirika ya umma, na kila kazi ilikuwa na ngazi yake ya mshahara. Hata leo mambo ni hayo hayo kwa upande wa Serikali. Tazameni tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma: mwishoni hutajwa ngazi, mathalan TGS D. Hakuna atakayekuuliza unatarajia nini. Lakini katika makampuni ya watu binafsi na katika mashirika yasiyo ya kiserikali, ambako wengi wenu mtakwenda, aghalabu tangazo halitaji kitu. Badala yake wewe ndiwe unayeulizwa.

Sasa nieleze yaliyonipata. Nilimaliza hapa kidato cha sita mwaka 1984, nikaenda JKT, kisha Mzumbe, na baadaye nikaajiriwa na shirika moja la umma katika idara ya hesabu. Katika miaka ya tisini mashirika mengi yaliuzwa, na letu likawamo. Mwaka 1996 nikapunguzwa kazi, nina mke na watoto wawili. Baada ya miezi saba ya kutembea na bahasha, niliitwa kwenye usaili katika kampuni moja. Wakaniuliza swali lile. Mimi katika shirika nilikuwa nikipokea Sh. 60,000/- kwa mwezi. Nikafikiri moyoni: nikisema 80,000/- nitakuwa nimepanda, na wao hawatanifukuza. Nikasema, "Hata 80,000/- zinanitosha." Wakatazamana, wakaniambia nianze Jumatatu.

Kazi yangu ya kwanza katika kampuni hiyo ilikuwa kuandaa orodha ya mishahara. Kwa hiyo sikuhitaji mtu wa kuniambia. Mwisho wa mwezi nilikaa mezani nikaona kwa macho yangu kwamba mtu wa cheo kama changu, katika chumba cha pili, alikuwa akilipwa 150,000/-. Nikaangalia makadirio ya mwaka yaliyopitishwa kabla sijaajiriwa: nafasi yangu ilikuwa imetengewa 150,000/- vile vile. Hakuna aliyenidhulumu, ndugu zangu. Niliulizwa bei, nami nikaitaja. Nikakaa miaka mitano nikijaribu kuifikia ile 150,000/-, maana kila nyongeza ilihesabiwa kwa asilimia juu ya ile 80,000/- niliyoitamka kwa mdomo wangu siku moja kwa dakika moja.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka mlishike: mshahara wa kuanzia hauishi mwezi wa kwanza. Nyongeza huhesabiwa juu yake. Michango yako ya hifadhi ya jamii hukatwa kutoka humo. Na ukienda kuomba kazi nyingine, utaulizwa ulikuwa ukipokea nini.

Jambo la pili ni kujua kwa nini wanauliza. Kariakoo muuzaji ndiye anayetaja bei, na mnunuzi anaomba apunguziwe. Katika kazi muuzaji ni wewe. Unauza ujuzi wako na saa zako. Kwa hiyo si ajabu kuombwa bei. Lakini kuna tofauti kubwa. Mnunuzi huyu amekuja sokoni akiwa na karatasi mfukoni iliyoandikwa kiasi alichopanga kutumia, nawe hujaiona. Kampuni yenye mpango haitangazi kazi kabla ya kutenga fedha za kazi hiyo. Mara nyingi hutenga kima cha chini na cha juu. Wanapokuuliza, wanataka kujua mambo matatu: kama wewe umo ndani ya mipaka yao, ili wasipotezeane muda nawe, kama unaifahamu kazi yako na thamani yake, na, kwa baadhi yao, kama utatosheka na pungufu ya kilichotengwa. Mawili ya kwanza ni ya haki. La tatu ndilo lililonipata.

Na la tatu ndilo nililolifanya mimi mwenyewe. Ndugu Mwenyekiti, sijapata kulisema hili mbele ya watu.

Mwaka 2009 nilikuwa mkuu wa hesabu katika kampuni nyingine, na mmoja wa wajumbe wa kamati ya usaili. Tulitafuta ofisa hesabu. Tulikuwa tumetenga 900,000/- kwa mwezi. Akaja kijana mmoja, msafi, mwenye adabu, hesabu zake hazina kasoro. Alipoulizwa alisoma wapi, akataja shule hii. Nilifurahi moyoni kama baba. Kisha meneja akauliza lile swali. Kijana akatazama chini, akasema, "Hata laki sita, mzee, nitashukuru." Meneja akanitazama mimi. Nami nilijua. Nilikuwa nimekaa upande ule ule wa meza aliokaa yeye mwaka 1996. Neno moja tu lingetosha, ningesema, "Nafasi hii ina mshahara wake uliopangwa." Sikulisema. Nikainama nikaandika 600,000/-. Mwisho wa mwaka nikasifiwa kwa kubana matumizi.

Baada ya miezi kumi na minne kijana yule aliingia ofisini kwangu na bahasha. Alikuwa amepata habari kwa mwenzake. Hakupiga kelele. Aliniuliza neno moja: "Mzee, ulijua?" Nikamjibu, "Nilijua." Akaweka barua ya kuacha kazi juu ya meza, akaniaga kwa heshima, akaondoka. Tulifunga hesabu za mwaka ule kwa kuchelewa sana, na tuliyemwajiri badala yake tulimlipa zile 900,000/-, kwa kuwa yeye hakutazama chini. Ile akiba niliyosifiwa iliteketea katika kutangaza upya, kufundisha upya na kusahihisha makosa. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba kijana yule alinipa heshima ya mkubwa wake wa shule, nami nikaitumia kumnyima laki tatu kila mwezi.

Tangu siku hiyo nimejiwekea ada ya kumweleza kila kijana anayenijia. Basi nirudi kwa yule wa fomu.

Nilimuuliza, "Hii 800,000/- umeipata wapi?" Akanionyesha daftari lake. Alikuwa amepiga hesabu nzuri, nami nikamsifu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kodi ya chumba 150,000/-. Nauli 90,000/-. Chakula 250,000/-. Umeme, maji na simu 60,000/-. Kumtumia mama na wadogo zake 150,000/-. Akiba 100,000/-. Jumla 800,000/-.

Nikamwambia, "Umekosea mara mbili. Kosa la kwanza ni la hesabu, la pili ni la fikra. Tuanze na hesabu."

Mwajiri akisema mshahara, husema mshahara kabla ya makato. Wewe ukifikiria mshahara, unafikiria fedha ulizozishika mkononi. Katikati yake kuna makato ya kisheria. Kwa Tanzania Bara, mfanyakazi wa kampuni binafsi huchangia NSSF. Mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi asilimia 10. Baada ya kutoa mchango huo hukatwa kodi ya mapato. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, Sh. 270,000/- za kwanza hazitozwi; kutoka hapo hadi 520,000/- ni asilimia 8; hadi 760,000/- ni asilimia 20; hadi 1,000,000/- ni asilimia 25; na kinachozidi hapo ni asilimia 30. Na kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe.

Tukachukua kalamu. Katika 800,000/-, NSSF ni 80,000/-. Inabaki 720,000/- ya kutozwa kodi, na kodi yake ni 60,000/-. Mkopo, asilimia 15, ni 120,000/-. Jumla ya makato ni 260,000/-. Mkononi zinabaki 540,000/-.

Nikamwambia, "Sasa chukua daftari lako ufute 260,000/-." Akafuta akiba, 100,000/-. Akafuta ya mama, 150,000/-. Akasimama kidogo, kisha akapunguza 10,000/- katika chakula. Akaweka penseli chini. Kama angeijaza fomu ile kama alivyokuja nayo, mama yake angengoja hela ya kijana wake aliyeajiriwa, na kijana asingekuwa na la kumweleza. Angeonekana mkaidi au mlevi, kumbe ni hesabu tu.

Tukarudi nyuma kutafuta ni mshahara gani ungemwachia 800,000/- mkononi. Ilitoka kama 1,310,000/-. Hebu tuihakiki: NSSF 131,000/-, kodi 181,700/-, mkopo 196,500/-. Zinabaki 800,800/-. Asiye na mkopo wa Bodi angehitaji kiasi cha 1,005,000/- tu. Mnaona basi kwamba vijana wawili waliotaja mshahara mmoja, katika ofisi moja, huenda nyumbani na fedha zisizolingana. Kwa hiyo usinakili bei ya mwenzako bila kujua makato yake.

Kosa la pili, la fikra, ni hili. Mahitaji yako si hoja kwa mwajiri. Mwajiri halipi kodi ya chumba chako wala shida za mama yako, analipa kazi. Mtu anayesema, "Nipeni kiasi hiki kwa sababu nina wadogo wanasoma," ameomba msaada. Anayesema, "Kazi hii, kwa majukumu mliyoyaeleza, inastahili kiasi hiki," ameomba mshahara. Hesabu ya mahitaji ni ya kukaa nayo wewe mwenyewe, ujue sakafu yako iko wapi. Ukishuka chini ya sakafu, shuka kwa kujua, si kwa kushtukizwa.

Kiasi cha kutaja hutafutwa kwingine. Hutafutwa kwa kuuliza watu wanaofanya kazi kama hiyo. Usimuulize mtu, "Wewe unalipwa ngapi?" Ni kweli hilo linakera. Muulize, "Kaka, ofisa hesabu anayeanza katika kampuni ya namna hii, hulipwa kutoka ngapi mpaka ngapi?" Watu wengi watakujibu. Uliza watatu au wanne, maana mmoja atakuza na mwingine atapunguza. Na hapa ndipo ninapouona umuhimu wa Chama hiki. Kijana yule nilimpa majina ya wanachama wawili walio katika kazi ya namna hiyo, akawapigia simu, wakamweleza. Kwa jioni moja akajua jambo ambalo mimi lilinichukua miaka.

Sasa nije kwenye kujibu kwenyewe.

Kwenye fomu, ikiwa inakubali maneno, andika: "Kulingana na ngazi ya kazi, tutazungumza." Fomu ikitaka tarakimu, andika kiasi cha chini na cha juu, na uandike wazi kuwa ni kabla ya makato. Lakini angalia: ukitaja viwili, mwajiri hushika cha chini. Kwa hiyo kile cha chini kiwe kiasi unachoweza kukipokea bila kinyongo.

Kwenye usaili, swali likija mapema kabla hujajua kazi yenyewe, si vibaya kulirudisha kwa adabu. Sema: "Ningependa kwanza kuyafahamu majukumu ya kazi vizuri. Je, nafasi hii imetengewa kiasi gani?" Wengine watakuambia. Kuuliza si ujinga, wala si ufidhuli ukiuliza kwa sauti ya kawaida. Wakishikilia ujibu, basi jibu, wala usizunguke. Mtu akiulizwa mara tatu akakwepa mara tatu, anaonekana mjanja asiyeaminika. Sema hivi: "Kwa majukumu mliyonieleza, na kwa jinsi nilivyoulizia malipo ya kazi kama hii, natarajia kati ya kiasi hiki na hiki kwa mwezi, kabla ya makato. Niko tayari kuzungumza juu ya malipo yote kwa jumla." Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Kukiwa kimya kidogo tunaona vibaya, tunaongeza, "Lakini hata pungufu ya hapo si neno." Umetaja bei na umejipunguzia mwenyewe kabla mnunuzi hajafungua mdomo! Ngoja ajibu.

Wakikuuliza ulikokuwa ulilipwa nini, usiseme uongo. Wanaweza kukudai hati ya mshahara wa mwezi uliopita, na uongo huo utakuvunjia kazi na jina. Sema kweli, kisha ongeza: "Lakini kazi ile na hii si sawa." Wenzetu walioko ng'ambo watajua kwamba kuna mahali sheria imeingilia kati. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, tangu Julai 2018 mwajiri haruhusiwi kumuuliza mwombaji mshahara wake wa zamani kabla ya kumpa kazi pamoja na malipo yake. Na Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha agizo la kutaka waombaji waelezwe mshahara wa kuanzia au mipaka yake kabla ya usaili. Walikwisha kuona kwamba aliyedhulumiwa kazi ya kwanza huibeba dhuluma hiyo mpaka kazi ya tano.

Jambo jingine ni kutazama malipo yote kwa jumla, na kutofautisha hisani na sheria. Mwajiri akikuambia, "Mshahara ni mdogo, lakini tunakupa likizo ya siku 28 na tunakuchangia NSSF," mshukuru, ila usihesabu kitu. Likizo hiyo imo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na mchango huo ni wajibu wake. Hesabu vile ambavyo sheria haikumlazimisha: bima ya afya kwako na kwa watoto, usafiri, posho ya nyumba, masomo. Uliza muda wa majaribio ni miezi mingapi, na baada yake mshahara utaangaliwa upya au la. Sheria hiyo inasema saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Basi uliza kazi yenyewe ina saa ngapi, maana mshahara mkubwa wa saa 70 unaweza kuwa mdogo kuliko ulivyoonekana.

Na yote mliyokubaliana yaandikwe. Sheria inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi, saa, mshahara na namna unavyokokotolewa. Ahadi ya mdomo, "Tutakuongezea baada ya miezi sita," hata kama aliyeitoa ni mwema, huondoka naye anapohamishwa.

Kijana wetu aliandika katika fomu: 1,300,000/- hadi 1,500,000/- kabla ya makato. Akaitwa. Wakamwambia bajeti yao inaishia 1,250,000/-. Hakukurupuka kukubali, aliomba siku mbili. Akaniletea daftari tukapiga hesabu: mkononi zingebaki 772,000/-, pungufu ya sakafu yake kwa 28,000/-. Akarudi akaomba bima ya afya imhusu na mama yake, na mshahara uangaliwe upya baada ya miezi sita, kwa maandishi. La bima ya mama walikataa, yeye peke yake wakamkatia. La miezi sita walikubali, likaandikwa. Akaichukua kazi, akapunguza akiba kwa 28,000/-, na ya mama hakuigusa. Sikuja kuwaambia kwamba ukijibu vizuri utapata chote unachotaka. Mara nyingine hutapata, na mara nyingine utaikosa kazi yenyewe. Mwenye njaa ya miezi saba anaweza kukubali kidogo, nami simcheki. Lakini akubali akijua anakubali nini.

Nimalize kwa maneno mawili. La kwanza ni kwenu wadogo zangu. Bado mko mbali na meza hiyo, lakini unyenyekevu mliofundishwa hapa ni mali, msiutupe. Salimieni, simameni vizuri, semeni kweli. Ila jueni kwamba kutaja thamani ya kazi yako kwa sauti tulivu si utovu wa adabu. Mficha uchi hazai.

La pili ni kwetu sisi wakubwa, hasa tuliokwisha kuvuka kwenda upande wa pili wa meza. Tukitangaza kazi, tutaje mshahara. Akija mtoto wa watu akataja pungufu ya kilichotengwa, tumwambie kilichotengwa. Na mdogo wetu akitupigia simu kuuliza kazi fulani hulipwa ngapi, tumjibu. Namba yangu ya simu Katibu anayo, na yeyote kati yenu ana ruhusa ya kuiomba.

Yule kijana wa mwaka 2009 ni mwanachama wa Chama hiki, ingawa leo hakuja. Nilimwandikia barua miaka mingi iliyopita kumwomba radhi. Alinijibu kwa ukurasa mmoja, na akanisamehe. Mwishoni mwa barua aliongeza kwamba yeye sasa anaajiri watu, na kila tangazo lake hutaja mshahara.